Kilatini cha Kisasa

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo wala hakuninunia. Ni siku niliyopanda basi Biharamulo kurudi kwetu Bukiriro, nimepakata boksi la santuri kumi na moja. Konda aliniambia niliweke juu ya basi pamoja na magunia. Nikamtazama kwa jicho lililomfanya asirudie tena kusema. Vumbi la njia ile enzi hizo lilikuwa la kuchota kwa kijiko, na tulipofika Kasulo nilikuwa mwekundu tangu nywele mpaka kucha. Lakini boksi nilikuwa nimelifunga kwa kitenge changu cha pili, halikuingia hata punje.

Santuri huzijui, najua. Ni sahani nyeusi yenye mistari myembamba, unaiweka juu ya kinanda chake inazunguka, sindano inapita kwenye mistari na wimbo unatoka. Usicheke. Na wewe simu yako wajukuu zako wataicheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Parokia yetu ilikuwa imenipa kwaya, mimi Leokadia, msichana, binti wa mkulima wa kahawa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwetu. Mwalimu wa kwaya siku zote alikuwa mwanamume. Aliyekuwepo alihamia Mwanza, na hakukuwa na mwingine aliyejua kusoma nota, basi halmashauri ya parokia wakakuna vichwa wakasema: haya, tumjaribu huyu binti mpaka sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ambaye ndiye somo wa parokia, akivurunda, tutampa mwanamume yeyote hata kama sauti yake ni ya chura. Wakanituma Biharamulo kwenye semina ya walimu wa kwaya, wiki mbili. Nami niliitaka ile kazi, mwanangu. Sikuwa na kitu kingine nilichokitaka. Wenzangu walikuwa wanaota wachumba, mimi naota nimesimama mbele ya sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, nainua mkono na wote wanavuta pumzi pamoja.

Siku ya mwisho ya semina nikampitia mpishi wa misheni kumuaga. Nikamkuta nyuma ya jiko, ana sufuria la maji ya moto, anazitumbukiza santuri mojamoja zikilainika anazikunja pembeni ziwe vyombo vya kuwekea maua. Ameshakunja tatu! Zilikuwa za padri mmoja mzee wa Ulaya aliyekwisha kurudi kwao, na chumba chake kilikuwa kinafagiliwa.

"Shikamoo baba. Hizo zilizobaki naziomba."

"Marahaba. Za nini?"

"Za kwaya."

"Beba, mama. Maua yenyewe hapa yanakauka."

Unajua kwa nini niliziomba? Ile ya juu kabisa ilikuwa na jalada lililochanika nusu, na juu yake, kwa herufi za dhahabu, imeandikwa MARIACHI. Maria nilimwona palepale. Hiyo *chi* sikuielewa, lakini Maria ni Maria. Chini kuna picha ya wanaume wamesimama mbele ya kanisa, nguo zao zimetariziwa dhahabu mabegani na miguuni kama kasula ya padri siku ya Pasaka, na vichwani wana kofia pana kama ungo. Nikasema hawa ni mashemasi wa kwao. Jua la huko lazima ni kali.

Tekla, rafiki yangu na sauti ya kwanza ya kwaya yetu, ndiye aliyetatua ile *chi*. Alisema wachapaji wamesahau herufi moja: ni Maria Nchi, yaani Maria wa nchi zote. Nikaona ana akili kunizidi.

Baba mdogo wangu alikuwa na duka Kabanga, mpakani, na katika duka lile kulikuwa na kinanda cha santuri cha betri alicholetewa kutoka Bujumbura, hakuna aliyekigusa. Nilimsumbua mpaka akanipa nikae nacho. Betri zilikuwa nzee, kwa hiyo tunazianika juani juu ya mkeka pamoja na maharage asubuhi nzima, na mchana zinatupa nyimbo tatu, nne ukibahatika. Ya tano mwimbaji anaanza kuongea kama mlevi.

Siku ya kwanza nilipoweka sindano, mwanangu, ikakwaruza kidogo, halafu matarumbeta mawili yakaingia kwa pamoja. Eeh! Nilisimama. Sikukusudia kusimama, nilijikuta nimesimama. Nyuma ya matarumbeta kuna fidla nyingi zinabembea, na magitaa yanapiga moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu kama mtu anayetwanga akiwa na furaha. Kisha akaingia mwanamume mmoja mwenye sauti inayoanzia tumboni, anaivuta nota mpaka unamhofia atakata roho, na katikati ya wimbo akapasua ukelele mrefu, "Aaaai-ja-jaaai!", hata kuku wa mama wakakimbilia migombani. Nikaanza kulia. Tekla naye analia. Mama akatoka jikoni na mwiko akauliza nani amekufa.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mgonjwa wa ule muziki. Nilipalilia kahawa nauimba. Nilichota maji nauimba. Sikujua neno hata moja, lakini ndani ya kifua changu ulikuwa umejua pa kukaa. Wapo watu wanaosema huwezi kupenda usichokielewa. Hao hawajawahi kupenda.

Kosa langu lilianza hapo nilipoona kupenda kunatosha. Nilichagua wimbo mmoja uliokuwa mtamu kuliko yote, nikaamua ndio tutakaouimba wakati wa matoleo siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Maneno tuliyaokota kwa masikio, tunasikiliza mstari, tunainua sindano, tunaandika kwenye daftari kama tulivyosikia. Kilikuwa Kilatini, sikuwa na shaka. Sisi Wakatoliki wa zamani tulikulia kwenye Kilatini. Bibi zetu waliimba Misa nzima bila kuelewa hata salamu, na Mungu aliwaelewa. Tena humo niliyasikia maneno ninayoyajua. Alikuwa akitaja *kor*, korasoni, na *kor* si moyo? Si tunasali Moyo wa Yesu kwa Kilatini, *Kor Yesu*? Halafu kwenye kiitikio, kwa uchungu mkubwa, mwimbaji akaita mara tatu: Tekila! Tekila! Tekila!

Tekla akashika mdomo. "Leokadia! Mtakatifu Tekla! Somo wangu!"

Basi tukapata kila kitu: Maria, Moyo, na Mtakatifu Tekla. Nikampa Tekla kile kiitikio akiimbe peke yake, akakiimba kwa machozi kila mazoezi.

Sasa nikutajie mtu aliyenifundisha kuishi. Katekista wetu alikuwa Mzee Bigirimana, aliyevuka kutoka Burundi na familia yake miaka mingi kabla, wakapewa shamba, wakabaki. Mrefu, mkimya, koti lake moja la kila Jumapili. Kwake *l* na *r* zilikuwa herufi moja tu, na hiyo moja ni *r*. Mimi aliniita Reokadia mpaka anaingia kaburini. Alipokuwa kijana alitumikia Misa ya Kilatini, akijibu altareni. Siku moja alikaa nyuma ya kanisa akasikiliza mazoezi mpaka mwisho, kisha akaja taratibu.

"Reokadia, mwanangu. Wimbo ni mzuri sana. Maneno yake maana yake nini?"

"Ni Kilatini, mzee."

"Mimi Kiratini nimekijibu miaka tisa. Hiki sikijui."

Mwanangu, hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Ningesema, "Hata mimi sijui, mzee, tumuulize nani?", hadithi hii isingekuwepo. Lakini kwaya nzima ilikuwa inanitazama, na mimi ni mwalimu wa kike wa kwanza, na wanaume wa sauti ya nne walikuwa wanangoja niteleze. Nikainua kidevu.

"Hiki ni Kilatini cha kisasa."

Mzee Bigirimana akasema, "Aa. Cha kisasa," akachukua kofia yake akaenda.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Alikuja padri mgeni kutoka Biharamulo kuongoza Misa, mtu mnene, mchangamfu, amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Yalipofika matoleo nikainua mkono. Tulikuwa na magitaa mawili, na vijana wawili wa bendi ya matarumbeta ya shule tuliowaazima. Tuliimba, mwanangu! Nakwambia tuliimba mpaka vumbi likadondoka darini. Tekla alipopasua ile Tekila ya tatu, akinamama wakapiga magoti. Nikageuka kidogo kumtazama padri. Amejiinamia, mabega yanatetemeka, anajifuta machozi kwa kitambaa. Nikasema moyoni: Leokadia, umemliza padri, kwaya ni yako.

Misa ilipofika kwenye matangazo, padri akasimama. Alitaka kutusifu, masikini, hakuwa na nia mbaya hata chembe.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi nimesoma Meksiko. Nimesikia muziki huu mitaani, sokoni, kwenye harusi. Lakini sijawahi kusikia wimbo wa mlevi aliyeachwa na mwanamke, anayeiita gongo imfariji, ukiimbwa kwa ibada namna hii. Kwaya, nawapongeza!"

Kisha mtu mmoja upande wa wanaume akauliza kwa sauti, "Gongo?"

"Tekila," padri akasema, "ni gongo ya kwao."

Wacha! Kicheko kilichopasuka humo sijawahi kukisikia tena, wala sitaki. Watu walicheka wakaegemeana. Waliokuwa madirishani wanauliza nini, nini, wakiambiwa nao wanaanguka. Tekla alitoka nje anakimbia amejifunika kanga, na kuanzia siku hiyo jina lake kijijini likawa Tekila, mpaka akaolewa nalo. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya kwaya yangu. Mikono sikujua niiweke wapi. Nilitamani dari lishuke.

Jumatatu mwenyekiti wa halmashauri alipita nyumbani. Hakukaa hata kwenye kiti. Alisema kwaya nitaiongoza mpaka sikukuu ya Kristo Mfalme, mwezi wa kumi na moja, kwa sababu siku hiyo kwaya za dekania nzima, yaani parokia zote za jirani, zinakuja kwetu na hakuna muda wa kumtafuta mtu mwingine. Baada ya hapo nirudishe daftari la nota. Baba aliitikia kwa kichwa. Mama akanifinya bega.

Nilichukua boksi la santuri nikaenda nalo shimoni nyuma ya migomba, nikazitupe. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshainua ya kwanza. Nikasikia mtu anakohoa. Mzee Bigirimana amesimama, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee," nikasema, na machozi yanamwagika.

"Marahaba. Zimekukosea nini hizo sahani?"

"Zimeniaibisha."

Hapo ndipo alinikemea, mwanangu, na hakupaza sauti. "Hizo sahani ziriimba wimbo wao, hazikudanganya mtu. Padri hakukuaibisha, arisema arichokijua. Watu wamecheka kwa sababu inachekesha. Hata mimi niricheka, nisamehe, nirienda kucheka nyuma ya kanisa. Wewe nirikuuriza maana, ukanijibu kwa kidevu. Umesema unajua. Kukosea ni kwa kira mtu, Reokadia, na ukikosea nitakushika mkono. Ukijifanya unajua, nikushike wapi?"

Niliona aibu ya aina nyingine kabisa, si ile ya kuchekwa. Hii ilikuwa ya kumfunga mdomo mtu aliyekuja kunisaidia. Nikasema, "Nisamehe, mzee. Sikujua. Wala sijui mpaka sasa." Ajabu ni kwamba nilipolitamka lile neno *sijui*, kifua kilifunguka nikavuta pumzi.

"Vizuri," akasema. "Sasa reta hizo sahani nisikie. Mimi wimbo niriupenda."

Betri zilikuwa zimeanikwa tayari. Tukakaa barazani, nikaweka sindano. Mzee alisikiliza amefumba macho. Zile fidla zilipoingia akainua kidole. "Hii ni iningiri! Ira ziko nyingi." Iningiri ni zeze la waya mmoja, la kukwaruza kwa upinde, wazee wa kwetu na wa Burundi walilipiga kwenye vilabu vya pombe ya ndizi. Kisha mwimbaji akapasua ule ukelele wake, Aaaai-ja-jaaai, na Mzee Bigirimana, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, akapiga paja kwa kicheko.

"Huyu anajivuga!"

Mwanangu wa siku hizi labda hujui kujivuga. Zamani, mwanamume alikuwa akisimama mbele ya mwami, yaani mfalme, na mbele ya watu, anajitaja jina, baba yake, na mambo aliyoyafanya, kwa sauti kubwa na kwa haraka bila kumeza mate, ili mfalme ajue nani amesimama mbele yake. Wachunga ng'ombe walijivuga, mashujaa walijivuga. Wamisionari walipoingia watu wakaacha, wakaona ni majivuno. Na hapo barazani, mzee yule akanieleza kwamba naye alikuwa mpiga iningiri hodari ujanani, akaificha alipopata ukatekista, kwa kuwa waliambiwa ni chombo cha walevi. Ilikuwa bado ipo, imetundikwa juu ya jiko, imekuwa nyeusi kwa moshi.

Nikamwambia, "Mzee, nataka kwenda Biharamulo kumuuliza yule padri."

"Nenda. Na uurize kira neno."

Nilikwenda na lile boksi. Padri alinipokea amejaa majuto, akaniomba radhi hata kabla hajaketi, nami nikamwomba anieleze kila wimbo. Siku mbili, mwanangu. Alikuwa na kinanda chake kizima, betri mpya. Akanieleza kwamba wale watu si mashemasi, ni wakulima na wachunga ng'ombe waliovaa nguo za sikukuu. Kwamba wanaimba mtoto akizaliwa, mtu akioa, mtu akizikwa. Kwamba wengi wao walijifunza kwa baba zao bila nota. Huu ni wa farasi aliyekufa, huu ni wa mama mzazi, huu ni wa mtu aliye mbali na kwao. Kumbe nilikuwa nimelia mahali pa kulia bila kuambiwa! Kisha nikamuuliza lile jina la muziki wao, mariachi. Nikamweleza Maria Nchi. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akaacha kucheka.

"Unajua," akasema, "wenyewe wanabishana neno hilo limetoka wapi. Wako wanaosema limetokana na jina la Maria. Na siku ya Mama Maria, hao hao huenda kanisani alfajiri na matarumbeta yao na kofia zao kumwimbia. Hukukosea mlango, Leokadia. Ulikosea wimbo tu."

Nilirudi Bukiriro naona basi haliendi.

Nilikuwa na wiki kumi na moja. Nilitunga wimbo wangu mwenyewe, maneno yangu, sauti zangu, Kiswahili ambacho bibi kizee wa mwisho kanisani angekielewa, wa kumpokea Kristo kama mfalme anayefika kijijini wakati watu wako shambani. Mwendo wake niliupa ule ule, moja-mbili-tatu. Matarumbeta yale mawili. Magitaa. Na katikati niliacha pengo, kwa sababu mfalme akifika lazima mtu ajivuge. Kila neno nilimpelekea Mzee Bigirimana, yeye anasahihisha imani, mimi namsahihishia *l* na *r*, tunagombana, mke wake anatuletea viazi. Nilimwendea na paroko nikamweleza tangu mwanzo nini tutafanya. Akafikiri, akasema kama katekista wake hana shaka, yeye hana.

Tekla alikuwa amegoma. Nilimfuata mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia, "Mimi ndiye niliyekupa ile aibu. Sitakudanganya tena. Huu najua maana yake neno kwa neno, niulize." Akaniuliza neno kwa neno, mshenzi yule, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Kisha akarudi.

Kristo Mfalme ilikuja na mvua. Watu wa dekania walifika na matope mpaka magotini, kwaya baada ya kwaya, sare zao zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Sisi tulipopangwa kuimba, nilisikia kutoka kwenye mabenchi: "Hao ni wale wa gongo." Wakaanza kutucheka. Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa mbele, mikono kifuani. Yule padri wa Biharamulo naye alikuwepo altareni. Nikawageukia watu wangu, nikawatazama mmoja mmoja, nikatabasamu. Nikainua mkono. Sauti nne zikavuta pumzi pamoja.

Matarumbeta yalipoingia, vicheko vilikatika kama umekata uzi. Tekla akafuata, wazi, bila kutetemesha sauti, kila neno linasikika mpaka madirishani. Kwenye ubeti wa pili, kutoka nyuma ya sauti ya nne, ikaingia iningiri, ile nyembamba ya kukwaruza, na nikaona wazee wa kanisa wanageuza vichwa mmoja baada ya mwingine, wanatafuta. Walikuwa hawajaisikia mahali pa heshima maisha yao yote. Kisha nikashusha mikono, kwaya ikanyamaza, na Mzee Bigirimana akatoka mbele na koti lake, akasimama kuitazama altare.

"Ni mimi! Ni mimi Bigirimana! Niriyevuka mto Ruvubu maji yako kifuani na mtoto yuko begani, sikuzama! Niriyekuja mikono mitupu nikapewa shamba na watu wa hapa! Niriyefundisha watoto wenu Baba Yetu kwa rugha nisiyozaliwa nayo, mkanicheka, nao wakasari! Mwami wangu, nimefika! Nitazame!"

Na akapasua ukelele, mwanangu. Sijui aliutoa wapi. Kwenye zile santuri au kwenye vilima vya kwao, sijui, lakini ulikuwa mmoja.

Kanisa likasimama. Vigelegele vilianza upande wa akinamama wa Kabanga, vikazunguka kanisa zima, na watu wakaanza kujivuga wenyewe, mzee mmoja wa Kihangaza, kabila la hapa kwetu, akapanda juu ya benchi akajitaja na babu yake. Padri mnene yule aliweka mikono mdomoni akapiga ule ukelele wa Meksiko kutoka altareni, paroko akamtazama, kisha naye akacheka, machozi yanamtoka. Nilirudisha mikono juu, tukamaliza ule wimbo, na watu walioanza kutucheka waliuimba kiitikio pamoja nasi kwa sababu kilikuwa chepesi na kilikuwa chao. Nilifurahi. Sina neno jingine la kukupa.

Mwenyekiti hakulitaja tena lile daftari la nota. Niliiongoza kwaya ile miaka thelathini na mmoja, na baada yangu wamepita walimu wanne, watatu kati yao wanawake. Juzi nilikuwa soko la Kabanga nanunua chumvi nikamsikia kijana anaupiga mluzi ule wimbo wangu. Nikamuuliza ameutoa wapi. Akaniambia kwa heshima zote, "Shikamoo bibi, huu ni wimbo wa kale sana, wa mababu." Nikamwacha na mababu zake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka ufike. Kitu kizuri kikikukamata, kipende. Usiogope kwamba kimetoka mbali, kwamba waimbaji wamevaa kofia za ajabu, kwamba hakuna mwingine kijijini anayekijua. Lakini ukishakipenda, kiulizie. Leo una simu inayojibu maswali kuliko padri na katekista kwa pamoja, na bado nawaona ninyi vijana mnainua kidevu kama mimi. Mtu akikuuliza maana ya jambo na huijui, sema hujui, mapema, mbele ya watu, ukiwa umesimama wima. Neno hilo halijawahi kumvunja mtu mfupa. Na ukivurunda, maana utavurunda, usitupe shimoni kile ulichokipenda. Wao wakicheka, cheka nao kidogo, kisha rudi nyumbani ukafanye vizuri zaidi, na siku ukirudi mbele yao uwe unajua kila neno linalotoka mdomoni mwako.

Haya, sogea nikushike kichwa. Mungu akupe masikio ya kusikia uzuri popote ulipo. Akupe mzee wa kukukemea kwa sauti ya chini, nawe umpe nafasi ya kusema. Ulimi wako usikwame pale pa kuuliza. Na siku yako ikifika ya kusimama mbele ya watu, ujitaje jina lako bila kuinamisha uso, jina lako na la baba yako na la mama yako, na wanaokusikia wasimame. Amina. Sema amina kwa sauti, mwanangu, hapa si hospitali.